"Hana Sikoseli," Walituambia

Kazi yangu ni kuhariri stori za mapenzi za watu wengine. Mwezi nenda mwezi rudi nasoma barua zenu: huyu kafumania, yule kaachwa, mwingine kapendwa na shemeji. Nazikata, nazinyoosha, nazitafutia picha. Ya kwangu sijawahi kuiandika. Mwezi huu naiandika, na nakuonya mapema kwamba ndani yake kuna kromosomu. Usikimbilie ukurasa wa nyota. Kaa kidogo.

Mimi na mume wangu wote ni watu wa Mtwara. Kwetu ni Msimbati, kule ambako maji yakitoka magari yanapita ufukweni. Kwao ni Kilambo, jirani na mto Ruvuma, ambako ukivuka maji uko Msumbiji na nusu ya ukoo wake iko ng'ambo ya pili. Tulikutana Dar. Si unajua tena watu wa kusini, tukikutana mjini tunatambuana kwa lafudhi kabla hata ya kutajiana majina. Aliniuliza kama bado nakula ming'oko au nimeshakuwa wa mjini. Nikacheka, na mambo yakaanzia hapo.

Kabla ya ndoa tulipima ukimwi. Tulitoka na karatasi zetu mkononi tukaenda kula chipsi kuku kama watu waliofaulu mtihani. Selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita, hakuna aliyetuuliza. Na mimi, ambaye nilikuwa na sababu ya kuuliza, nilinyamaza.

Sababu yenyewe ni hii. Mama yangu mdogo alikuwa na mtoto wa kiume, miaka ya 90 mwanzoni. Macho yake yalikuwa ya njano, tumbo limejaa upande wa kushoto, na usiku wa baridi alilia mifupa mpaka nyumba nzima inakesha. Mimi ndiye nilikuwa nampelekea maji. Wakubwa walisema kachezewa. Wengine wakasema ni shetani wa baharini, akatafutiwa fundi wa kumpunga. Alifariki ana miaka sita. Nilipofika chuo kikuu, mwaka wa pili, nikapewa kazi ya darasani ya kuhariri kipeperushi cha afya kuhusu selimundu. Nilisoma dalili moja moja, nikakiweka chini. Alikuwa ni mdogo wangu yule, kaandikwa pale bila jina.

Kwa hiyo nilijua? Nilishuku. Na mtu anayeshuku akakaa kimya mpaka anafunga ndoa, sijui tofauti yake na anayejua ni ipi. Nilijiambia ni jambo la ukoo, limepita.

Mtoto wetu alizaliwa mzima, mnene, ana mashavu ya kubanwa. Alipofikisha miezi mitatu tulimpeleka Mtwara akaonwe na mabibi. Ule ukimya ukaanza kuniwasha. Nikamwambia mume wangu, "Twende tukampime damu, ni utaratibu wa kawaida tu." Uongo wangu wa kwanza mkubwa kwenye ndoa, na niliusema huku nafunga mkoba. Tukaenda kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Wakachukua damu kidogo, wakaichanganya na dawa yao, tukasubiri kama nusu saa. Msichana wa maabara akatoka na karatasi imeandikwa HASI. "Hana sikoseli," akasema, "nendeni tu."

Jamani, siku ile tulikula pweza! Nilikula kama mtu aliyefutiwa deni. Ile karatasi nikaitia kwenye plastiki, nikaiweka pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Kuanzia mwezi wa sita mtoto akaanza homa. Mara tatu tukaambiwa malaria, mara tatu tukampa dawa. Mwezi wa tisa, asubuhi moja nyumbani Dar, akaamka viganja na nyayo zimevimba, zimekaza kama mikate, hataki hata kuguswa. Muhimbili daktari aliponiuliza kama mtoto amewahi kupimwa selimundu nikatoa karatasi yangu kwa haraka, kama anayeonyesha tiketi kwa kondakta. Akaitazama tarehe. Akahesabu miezi kwa vidole. "Mama, hiki kipimo kilifanywa mapema mno." Wakapima upya kwa mashine inayotenganisha aina za hemoglobini. Jibu likaja: SS.

Nyumbani kwetu pakawa hapakaliki. Mama mkwe alikuja kutoka Kilambo, akakaa kwenye mkeka, akasema taratibu, "Mwanangu, upande wetu ugonjwa huo haupo." Kwetu sisi kusini, wenzangu mnajua, Wamakonde, Wamakua na Wayao tangu zamani mtoto huhesabiwa upande wa mama. Sasa likija jambo zuri mtoto ni wetu sote, likija baya anarudishwa kwa mama yake. Nikamjibu, "Sawa mama," nikaingia jikoni.

Ila lililonimaliza halikutoka kwa mama mkwe. Dada yangu, kwa nia njema kabisa, alimtajia mume wangu yule mtoto wa mama mdogo. Usiku ule mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa na viatu. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Ulijua?" Sikujibu haraka ya kutosha. Akachukua mto akaenda kulala sebuleni. Alilala sebuleni wiki tano.

Mtu aliyetutoa hapo ni shosti wangu tuliyesoma naye sekondari, ambaye sasa anafanya kazi maabara. Alikuja Jumapili moja kumwona mtoto, akakuta nyumba imenuna. Mume wangu, ambaye alikuwa hasemi na mimi, akamgeukia yeye: "Dada, hebu nieleze. Kama ugonjwa anao tangu tumboni, kile kipimo kilisemaje hana? Nani alituongopea?"

Shosti akatazama kamba ya nguo pale nje. Akasema, "Shemeji, bibi yako ana sanduku la kanga?" Mume wangu akasema lipo, limejaa. "Ukitaka kujua kanga alizonazo, utafungua sanduku. Lakini ukitaka kujua anazovaa, utafanyaje?" Mume wangu akafikiri. "Nitaangalia kamba ya kuanikia." "Ehee," akasema shosti. "Basi wale walimpima mtoto kwa kuangalia kamba. Sanduku hawakulifungua."

Nitakueleza kama alivyotueleza, pamoja na niliyoyasoma mwenyewe baadaye, maana nilisoma usiku mwingi sana.

Sanduku ni DNA. Karibu kila seli yako ina sanduku lile lile, kromosomu 46, nusu kutoka kwa baba na nusu kwa mama. Ndani mna jeni kama 20,000 hivi za kutengenezea protini, na sehemu zake zinazoandika protini zenyewe ukizikusanya hazifiki hata asilimia mbili ya DNA yote. Zilizobaki ni maandishi marefu ambayo mengine ni swichi, mengine kazi yake bado inatafutwa. Sasa seli ya jicho haivai kanga za seli ya ini. Kila seli inachagua. Jeni inayotumika inanakiliwa kuwa RNA, kijikaratasi cha muda kinachopeleka maagizo kisha kinaharibiwa. Hiyo RNA ndiyo kamba ya kuanikia. Ukiikusanya unajua jeni zipi zinafanya kazi mahali hapo, wakati huo.

Tatizo la RNA ni kwamba inaharibika upesi, upesi kuliko dagaa juani. Mwaka 1970 watafiti wawili wa Marekani, Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kuwa kuna virusi wenye kimeng'enya kinachoweza kuinakili RNA kurudi kuwa DNA, ambayo inakaa. Na unajua moja ya jeni za kwanza za wanyama na binadamu kunakiliwa hivyo kwenye maabara ilikuwa ipi? Ya hemoglobini, mwaka 1972. Sababu ni rahisi. Seli changa nyekundu za damu kazi yao ni moja, kutengeneza hemoglobini, kwa hiyo kamba yao yote imejaa kanga za doti moja. Miaka ile ile ya 70 wakajua na sanduku lenyewe lilipo: jeni ya beta globini iko kwenye kromosomu namba 11.

Kwa magonjwa mengine kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana hujui hata ni kamba ya nani uiangalie. Mwaka 1991 wengine walichukua RNA ya ubongo wakaisoma vipande vipande bila kuchagua, vipande zaidi ya 600, na humo wakakuta mamia ya jeni ambazo hakuna aliyekuwa anazijua. Mwaka huo huo wengine wakatega mtego. Wanachukua kipande cha kromosomu wasichokijua, wanakiingiza kwenye seli za figo la tumbili, kisha wanangoja waone seli itakata nini na kubakiza nini. Seli ina tabia ya kuikata RNA, kutupa mapindo na kushona vipande vyenye maana. Kilichobaki baada ya kushonwa, kuna uwezekano mkubwa ni jeni. Mimi hapo nilicheka kwa sauti. Miaka yote nahariri barua zenu kumbe kila seli ina mhariri wake, na wa kwake hachelewi kupeleka kurasa kiwandani.

Turudi kwa mtoto. Pale kwenye kromosomu namba 11 jeni za familia ya beta zimepangwa mstari mmoja, na zimepangwa kwa zamu ya kutumika: ya kiinitete kwanza, halafu mbili za gama za mtoto aliye tumboni, mwishoni ile ya beta ya ukubwani. Mtoto anazaliwa akiwa bado amevaa gama. Hemoglobini ya gama haina kasoro ya selimundu. Baada ya kuzaliwa gama inazimwa polepole na beta inawashwa, na mabadilishano hayo yanachukua miezi. Kasoro yenyewe iko kwenye beta, herufi moja tu ya DNA imekosewa, ikabadilisha asidi amino moja kwenye protini. Chembe ikikosa oksijeni inajikunja kama mundu.

Sasa kile kipimo cha haraka kinatafuta hemoglobini S yenyewe kwenye damu, tena iwe nyingi ya kutosha. Mtoto wetu akiwa na miezi mitatu alikuwa bado kajifunika gama. Jeni mbaya ilikuwa sandukuni imekunjwa, moja toka kwangu na moja toka kwa baba yake, inangoja zamu. Karatasi iliyosema HASI ilisoma kamba sawasawa. Kosa ni la aliyetuambia "nendeni tu" bila kusema mrudi. Kipimo kile hakifai kwa mtoto mchanga, na mwenye maabara anapaswa kulijua hilo kuliko mimi mwandishi wa mapenzi.

Mume wangu alisikia neno moja tu katika yote hayo. "Moja toka kwa nani?"

"Kwako, shemeji. SS haipatikani kwa mmoja."

Alikwenda kupima mwenyewe bila kuniambia. AS. Na mimi AS. Wote wawili wazima, na kila ujauzito una uwezekano wa mmoja kati ya wanne kuwa mtoto SS. Inakadiriwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, wengi wao kwa wazazi kama sisi, waliokula chipsi kuku baada ya kipimo kingine.

Na kwa nini sisi? Jibu lilitolewa mwaka 1954 na Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya utafiti wake hapa hapa Afrika Mashariki. Mwenye nakala moja ya jeni hii ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Sasa fikiria Kilambo, fikiria majaruba ya mpunga kando ya Ruvuma, mikoko, maji yaliyotuama, mbu wa vizazi na vizazi. Fikiria Msimbati. Jeni hii haikuwa aibu ya ukoo wangu wala wa kwake. Ndiyo iliyowavusha mababu zetu wote utotoni, upande huu wa mto na upande ule.

Mume wangu alimpelekea mama yake habari hiyo mwenyewe, na mimi nilikuwepo. Yule mama alikaa kimya muda mrefu akiwa anabangua korosho. Kisha akasema, "Kuna wawili nimewazika kabla yako. Tulisema degedege." Hakuongeza neno. Akasogeza ungo kwangu tukabangua pamoja mpaka magharibi. Tangu siku ile hajasema tena "upande wetu".

Je, mume wangu alirudi chumbani? Alirudi. Lakini sitakudanganya kwamba jeni ndizo zilizotupatanisha. Aliniambia waziwazi, "Ugonjwa nimekusamehe kwa sababu hata mimi ninao. Kile cha 'utaratibu wa kawaida' bado." Alikuwa na haki. Kilichukua kama mwaka hivi, na siku nyingine nahisi bado kipo, kama mchanga wa Msimbati kwenye gari, unafagia na kesho unaukuta.

Mtoto sasa ana miaka minne. Anakunywa asidi ya foliki kila siku, analala kwenye chandarua, anakunywa maji kama samaki, na tangu ana miaka miwili anatumia haidroksiyurea. Dawa hii inaiamsha gama tena, si yote, lakini ya kutosha kuwatenga wale S wasishikane. Utafiti mkubwa uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ukatolewa mwaka 2019, ulionyesha watoto wa Afrika wanaoitumia wanaumwa kidogo, wanaongezewa damu kidogo, hata malaria inapungua. Gama ya mwanangu ilikuwa asilimia 8, sasa ni 19. Nimeshasahau uzito aliozaliwa nao, lakini namba hizo mbili sizisahau.

Nani anaizima gama? Hilo nalo limepatikana. Kwenye kromosomu namba 2 kuna jeni iitwayo BCL11A, na mwaka 2008 ilithibitishwa kwamba ndiyo mzimaji mkuu. Nilifurahi kusoma kwamba watafiti wa Muhimbili, ambako Profesa Julie Makani na wenzake wanafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004, walipima vinasaba vya wagonjwa zaidi ya elfu moja wa Tanzania na jeni hiyo hiyo ikajitokeza, katika chapisho la 2014. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy inayokata swichi ya BCL11A kwenye seli za damu za mgonjwa, gama ikabaki imewaka. Bei yake Marekani ilitangazwa dola milioni 2.2. Hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni tano, mwenzangu. Niliifunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo.

Iliyo karibu zaidi ni kupandikizwa uloto. Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma, iliyopewa jina la mzee wetu wa Lupaso, ilianza kuwafanyia watoto wa selimundu mwaka 2023. Anayefaa zaidi kutoa ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, na hata huyo ana uwezekano wa mmoja kati ya wanne tu kulingana kabisa. Ndugu mmoja wa mume wangu akasema basi zaeni upesi apatikane wa kumtolea kaka yake. Niliondoka mezani. Mtoto hazaliwi kuwa spea.

Mimba ya pili ilikuja yenyewe, hatukuipanga. Miezi tisa nilihesabu nne, nne, nne. Nilijifungulia Mtwara kwa mama, msichana, mashavu yale yale ya kubanwa. Siku ya tatu wakamchoma kisigino, matone manne kwenye kadi inayonyonya damu, yakaachwa yakauke. Safari hii tulikuwa tumeuliza mapema: si kipimo cha haraka, ni ile mashine. Mume wangu akaiweka kadi kwenye bahasha, akaishika mapajani njia nzima hadi Dar. Mimi nikabaki na arobaini yangu, uji wa pilipili manga na kanga kichwani.

Siku ya majibu alinipigia simu, sauti imekwisha. "Mama watoto, wameandika F."

"F?"

"Ndiyo. F ya kwanza kabisa. Tumefeli."

Moyo ulinitoka. Nikamwambia asome herufi zote, moja moja, asiruke. Akasoma: "F. A. S."

Nikampigia shosti huku mikono inatetemeka. Alicheka mpaka akakohoa. "F ni ile gama, we mwanamke! Kila mtoto mchanga anayo! Soma inayofuata. Kama A imetangulia S, huyo ni kama nyinyi wawili."

Nilimrudia mume wangu, nikamweleza. Kimya. Kisha nikasikia anamwambia mtu pale pembeni, konda au abiria sijui, "Amefaulu, bwana, kumbe F ni ya wote." Mama mkwe alikuwa mlangoni na ungo wake. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia mjukuu wake ni AS. Akamchukua mtoto, akamtazama usoni kwa muda, akasema, "Huyu basi ana mimi."